Banda la Tisa Halikuwepo

Aikande mwanangu,

Mama yako yuko jikoni anakaanga maandazi yako ya safari, na kila nikipita mlangoni ananiambia niache kuzungukazunguka kama mtu aliyepoteza kitu. Nimeamua kuja kukaa huku ofisini, kwenye meza ya mwisho karibu na dirisha. Wateja wameshaondoka na jua bado lipo. Mambo ya kufua, kula, kuchagua marafiki na kwenda kanisani umeshaambiwa na mama yako, na shangazi yako aliyarudia yote jana kwa sauti kubwa zaidi. Huko sina cha kuongeza.

Unajua baba yako ni mtu wa namna gani. Barua ya chuo ilipofika, wewe ulirukaruka, mama yako akapiga vigelegele, mimi nikaiinua kwenye mwanga kuangalia muhuri. Kesho yake nikaenda posta kupiga simu Dar es Salaam kuuliza kama kweli kuna mtu wa jina lile anayeweka sahihi barua za chuo. Ulipogundua ulininunia. Ukasema, "Baba, wewe hata Mungu ungemdai risiti." Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilienda nje nikajifanya natazama kuku.

Sitakuambia uache kushuku watu. Ningekudanganya, na wewe ungejua. Mji unakokwenda una watu watakaokuonyesha meno yote huku mkono mmoja uko kwenye mkoba wako. Lakini unakwenda kusomea kompyuta, na kazi hiyo ndiyo iliyonionyesha kwamba mtu anaweza kuwa na macho makali sana na bado akawa anatazama pasipohusika. Habari ya Massawe unaijua nusu. Ulikuwa mtoto, ukasikia vipande vipande mlangoni. Leo nataka uipate nzima, na uipate kwangu.

Kiwanda kilipouzwa ulikuwa darasa la nne. Nilikuwa fundi wa umeme pale miaka mingi, tangu kiwanda kikiwa mali ya umma na sisi tukiamini ni mali yetu. Wakaja watu wenye mikoba, wakatembea kati ya mashine bila kutusalimia, wakaandika, wakaondoka. Baadaye tukasomewa majina. Nilikuwa kwenye kundi la kwanza kupunguzwa. Siku zile kila mtu mjini alimtazama mwenzake kwa pembeni: nani kapewa nini, nani alijua mapema akanyamaza, nani alikaa na wanunuzi hotelini. Nilitoka pale na barua ya shukrani na tabia ya kusikiliza nyuma ya maneno ya watu. Barua niliipoteza. Tabia ninayo mpaka leo.

Kitu kimoja kilinisaidia. Kiwanda, kabla ya kufa, kilinipeleka kozi fupi ya kompyuta, na huko nikapenda lugha ya C ya kuandikia programu. Nilikuwa na kitabu chake kilichotolewa kopi, kurasa nyingine zimefifia hivi kwamba nilizijazia mwenyewe kwa kalamu. Kwa ajili ya kitabu hicho nikapata kazi kwenye shamba la maua lililofunguliwa chini ya kijiji cha Akheri. Unalikumbuka, ulikuja mara moja ukaogopa nyuki. Mabanda makubwa ya plastiki, mawaridi ndani, maji yakishuka kutoka mlimani hadi kwenye tangi, na kutoka tangini yakisukumwa kwa pampu kwenye mipira midogo inayodondosha maji kwenye kila shina. Kazi yangu ilikuwa kuandika programu ya kufungua na kufunga koki za mabanda sita, kila banda kwa dakika zake.

Pampu zilikuwa chini ya Massawe. Wewe ulimwita Baba Doreen. Mchaga wa Machame aliyehamia Maji ya Chai, mfupi, mwenye sauti ya mtu mrefu. Ndiye aliyeifungia upya mnyororo baiskeli yako ukampa shikamoo huku unalia. Chumba cha pampu na chumba changu cha kompyuta vilikuwa kimoja, vimetenganishwa na ukuta wa mbao usiofika juu. Tulikunywa chai pamoja kila siku. Alikuwa anasema sana. Aliuliza sana pia, na hilo lilikuja kumponza.

Meneja alikuwa mzungu aliyekulia Kenya. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha babu yako, ambaye mpaka anakufa aliomba chumvi kwa Kimeru. Mwanzoni dakika za maji niliziandika ndani ya programu yenyewe, na meneja alipotaka kuzibadilisha ilibidi aniite. Akachoka kuniita.

"Hizi namba ziweke nje," akaniambia. "Kwenye faili. Faili rahisi, ambalo mimi nitalifungua, hata Massawe atalifungua."

Sikupenda. Nilisikia kama ananipunguza, na mtu aliyekwisha kupunguzwa mara moja hulisikia neno hilo hata pale lisiposemwa. Lakini nikafanya. Faili lenyewe lilikuwa la mistari sita. BANDA1, alama ya sawasawa, kisha dakika. BANDA2 vilevile, mpaka BANDA6. Ndani ya programu nikaunda struct moja, yaani kasha la kuhifadhi yote hayo, lenye nafasi sita, na kila nafasi nikaifanya pointa. Unakumbuka nilivyokufundisha kidato cha pili, ukiwa umekalia meza hii hii: pointa haibebi kitu, inabeba anwani ya mahali kitu kilipo. Kila alfajiri programu ilisoma faili mstari kwa mstari, ikajaza struct, na muda wa maji ulipofika ikafuata pointa ya banda husika kutazama dakika zake.

Nilijaribu mwezi wa sita, kwenye baridi. Mabanda yote yalikuwa na mawaridi makubwa na yote yalipewa dakika sawa. Maji yakatoka vizuri. Meneja akanipa mkono. Nikaona nimemaliza.

Mwezi wa tisa joto likaja. Banda la sita likaondolewa maua ya zamani likajazwa miche michanga, ambayo haitaki maji mengi kwa mara moja. Meneja akalifungua faili yeye mwenyewe akaandika upya. Banda la kwanza dakika kumi, la pili kumi na mbili, na kuendelea hivyo, la sita dakika mbili. Siku chache baadaye wanawake wa kukata maua wakaja kusema mawaridi ya banda la kwanza yameinamisha vichwa. Kisha la tatu. Kisha yote, isipokuwa miche. Nikaenda kusimama kwenye koki na saa mkononi. Dakika mbili, maji yakakatika. Nikaenda banda la pili. Dakika mbili.

Nikakimbia kwenye kompyuta nikafungua faili. Limeandikwa kumi. Limeandikwa kumi na mbili. Kila namba mahali pake. Nikalifunga, nikalifungua tena, kama mtu anayetarajia namba zitabadilika akizishtukiza. Kesho yake asubuhi, dakika mbili kila banda, na faili limenyooka vilevile.

Sasa ufuate jinsi nilivyofikiri, maana hapa ndipo penyewe. Programu ilifanya kazi vizuri mwezi wa sita, kwa hiyo programu ni nzima. Faili liko sawa kila ninapolitazama. Basi kuna mtu analibadilisha wakati silitazami, kisha analirudisha. Nikaangalia tarehe ambayo faili lilihifadhiwa mara ya mwisho. Ilikuwa ileile, siku ambayo meneja aliliandika. Mtu mwingine angeona tarehe hiyo akasema, hakuna aliyeligusa. Mimi nilisema, huyu mtu ni mjanja, anajua kurudisha nyuma saa ya kompyuta. Na papo hapo nikakumbuka kwamba wiki mbili nyuma, tukinywa chai, Massawe aliniuliza, "Hivi saa ya kompyuta inabadilishwaje?"

Aikande, kila kitu kikajipanga chenyewe. Ana ufunguo wa chumba. Anabaki jioni nikishaondoka. Anauliza mno. Hata kicheko chake kikabadilika masikioni mwangu. Nilianza kuficha karatasi zangu akipita. Nikawa nanywa chai nimesimama. Yeye akaona, akaniuliza, "Baba Aikande, unaumwa?" Nikajibu kwamba nina kazi nyingi, na moyoni nikasema, anataka kujua nimefika wapi.

Meneja naye akaniita.

"Jioni ukishaondoka, nani anaingia chumba cha kompyuta?"

"Massawe. Pampu ziko humo humo."

"Ana sababu ya kutuharibia?"

"Sijui."

"Mimi sijasema kitu," akasema. "Nauliza tu. Wewe ndiye mtaalamu. Ukiniambia ni mashine, nitaamini ni mashine. Ukiniambia si mashine, basi ni mtu."

Nikamwambia, "Si mashine."

Sikutaja jina. Nilijisifu kwa hilo kwa siku kadhaa. Lakini ndani ya chumba kile tuliingia mimi na Massawe tu, kwa hiyo nilikuwa nimelitaja.

Walimfukuza siku ya malipo. Alikuja akasimama upande wangu wa ukuta wa mbao, kofia mkononi, mlinzi nyuma yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa na sura ya mtu anayesubiri kosa dogo lirekebishwe aendelee na kazi.

"Baba Aikande, wewe unajua mashine. Waambie."

Nikamjibu bila kuinua macho, "Mashine nazijua, Massawe. Watu ndio siwajui."

Kisha akavaa kofia yake akatoka.

Siku hiyohiyo nikabadilisha kufuli ya chumba. Ufunguo ukawa mmoja, na ulikaa shingoni mwangu kwa kamba. Asubuhi yake, dakika mbili kila banda. Unadhani nilisema, basi Massawe hana hatia? Nilisema ana mwenzake. Nikachunguza dirisha. Nikamwaza mlinzi. Nikamwaza meneja mwenyewe, labda anataka kuonyesha kwamba shamba halina faida alinunue kwa bei ya kutupa, maana tulikuwa tumeshaona viwanda vikifanyiwa hivyo. Mama yako alinitazama nikila chakula cha jioni na ufunguo shingoni, akasema, "Baba Aikande, huyo mwizi wako atakuja kukuua kabla hujamwona." Nikamwambia haelewi mambo haya. Akasema, "Haya," akaondoa sahani.

Nikaamua kutega. Nilifungua faili na mwisho kabisa, chini ya BANDA6, nikaongeza mstari wa uongo: BANDA9, dakika ishirini na tano. Banda la tisa halikuwepo. Programu ilikuwa imeandikwa kuruka jina isilolijua, kwa hiyo niliona mstari huo hauna madhara. Nilitaka kuona kama mtu analo faili lake lingine analoliweka juu ya langu. Akiweka lake, mstari wangu utapotea, nami nitakuwa na ushahidi. Sikumwambia mtu yeyote, hata mama yako. Nikafunga mlango, nikavuta kufuli mara tatu, nikaenda nyumbani nimeridhika kama mwindaji.

Asubuhi nilisikia kelele kabla sijafika langoni. Wanawake walikuwa wamesimama nje ya banda la sita, viatu mkononi. Maji yalikuwa yanatoka chini ya mlango. Ndani, trei za miche zilikuwa zinaelea, na nyingine zimepinduka na mizizi iko juu. Nilikimbia banda la kwanza, matope hadi kifundoni. La pili vilevile. Nikamkuta msichana mmoja wa kukata maua ameshika saa yake, akaniambia, "Mzee, maji yamefunguka dakika ishirini na tano. Nimeyahesabu nikifikiri yatakoma."

Nilisimama kwenye matope yale. Namba ile niliijua mimi peke yangu duniani. Hakuna Massawe, hakuna mwenzake, hakuna mlinzi. Niliiandika mimi, nikaifungia mimi, na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu.

Nilikwenda kwenye kompyuta na buti zangu za matope. Kwa mara ya kwanza tangu mabaya yaanze sikufungua faili. Nilifungua programu yangu. Nikaongeza mistari michache ya kuniandikia kwenye skrini kila pointa katika ile struct imeshika anwani gani. Sita zikatokea, zimepangana wima. Zilikuwa anwani moja. Tarakimu kwa tarakimu, moja, kutoka juu mpaka chini.

Wewe umeshaelewa. Nilikuwa nimetenga kipande kimoja cha kumbukumbu ya kompyuta cha kusomea mstari. Mstari wa kwanza ulipoingia, nikaielekeza pointa ya banda la kwanza humo ndani, mara baada ya alama ya sawasawa. Mstari wa pili ukaingia palepale, ukafuta wa kwanza, nami nikaielekeza pointa ya pili mahali palepale. Na majina yote yalikuwa na urefu mmoja, kwa hiyo hata nafasi ya herufi ilikuwa ileile. Nilidhani nimehifadhi namba sita. Nilikuwa nimehifadhi vidole sita vinavyoonyesha ubao mmoja, na kwenye ubao palibaki neno la mwisho kuandikwa. Mwezi wa sita namba zote zilikuwa sawa, ndiyo maana sikuona kitu. Mwezi wa tisa neno la mwisho lilikuwa dakika mbili za miche. Siku ya mtego lilikuwa ishirini na tano, za banda nililolibuni ili nimkamate mtu.

Dawa yake ni mistari miwili. Kila thamani unaiombea nafasi yake yenyewe kwenye kumbukumbu, ya kutosha herufi zake na moja zaidi ya kufungia, unainakili humo, kisha ndipo pointa inaelekezwa. Nilirekebisha kabla chai ya saa nne haijafika. Wiki zote zile, na mtu kafukuzwa, kwa ajili ya mistari miwili.

Nikaenda kwa meneja nikamweleza. Alisikiliza vizuri, akauliza maswali ya maana. Kisha akasema, "Umerekebisha?"

"Nimerekebisha."

"Basi tumshukuru Mungu. Tuendelee."

"Na Massawe?"

Akaanza kupanga kalamu mezani. "Massawe alikuwa na mambo mengine. Hayo si yako."

Hapo ndipo macho yangu yalipofunguka upande wa pili. Mambo mengine ya Massawe niliyajua, maana aliyasema kwenye chai kila siku. Alikuwa anadai barakoa na glavu kwa vijana wa kupulizia dawa. Alikuwa amewakusanya wanawake wa mabanda kuhusu buti. Alikuwa anauliza mno, kweli, lakini hakuwa ananiuliza mimi tu. Meneja alikuwa anatafuta sababu, nami nikamletea imefungwa vizuri, yenye jina la utaalamu juu yake. Nikakumbuka maneno yake, mimi sijasema kitu, nauliza tu. Nilikuwa nimewashuku watu wote wa shamba lile, hata meneja kwa mambo aliyokuwa hana, na jinsi alivyokuwa ananitumia mbele ya macho yangu sikuona, kwa sababu alikuwa anakubaliana na mimi.

Hilo ndilo ningependa ulibebe, kama kuna kitu cha kubeba. Ukiwa na shaka na mtu, halafu akatokea mwingine anayeipokea shaka yako kwa haraka, anaipa kiti na chai, mtazame huyo.

Jumapili nikaenda Maji ya Chai baada ya ibada. Massawe alikuwa nje anamenya ndizi na mkewe. Mkewe aliponiona aliingia ndani bila kunisalimu. Nilisimama nikamweleza yote, nikamwonyesha na karatasi niliyochapa zile anwani sita. Aliitazama muda mrefu.

"Kwa hiyo hizi zote ni sehemu moja."

"Ndiyo."

"Na hukuangalia."

"Sikuangalia. Nilikuwa nakuangalia wewe."

Akaendelea kumenya. Nikamuuliza lile lililokuwa linanisumbua: kwa nini aliniuliza namna ya kubadilisha saa ya kompyuta? Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Ilikuwa nyuma kwa siku moja nzima. Karatasi zangu za pampu zilikuwa zinatoka na tarehe ya jana, meneja ananigombeza mimi. Nilitaka kuirekebisha nisikusumbue."

Kisha akasema, "Ulianza kunidhania lini? Siku gani hasa?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui siku. Kwamba nilikuta tu imeshaingia.

"Mimi najua," akasema. "Siku ulipoacha kukaa chini kwenye chai."

Jumatatu, wafanyakazi walipokusanyika asubuhi kugawiwa kazi, nikaomba kusema. Meneja alikuwepo. Nikasema mbele ya wote kwamba kosa la maji lilikuwa langu, la mkono wangu, na kwamba Massawe hakugusa kitu. Sikusema vizuri. Nadhani nusu yao hawakuelewa habari ya pointa. Wanawake wa mabanda walielewa sehemu ya Massawe. Mmoja akauliza kwa sauti, "Sasa anarudi lini?" na meneja akalazimika kujibu kwamba ataitwa. Aliitwa kweli. Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa, na hakuna aliyenipa sababu, wala sikuiuliza. Ile ndiyo miezi tuliyokula ndizi bila nyama na ukauliza kama tumekuwa maskini. Baadaye nikafungua chumba hiki cha kuchapa barua na kufundisha kompyuta, na mengine umeyaona mwenyewe.

Massawe alipoitwa alikataa kurudi. Alisema hawezi kufanya kazi mahali ambapo mtu akimaliza chai yake anakuwa mshtakiwa. Akaenda mtaa wa Kwa Mrombo akafungua kibanda cha kutengeneza pampu karibu na soko.

Umeniuliza siku moja kwa nini napenda kupita kule hata nikiwa sina cha kununua. Napita kumsalimu. Hatukuapizana, usidhani hivyo. Ananipa kiti, anaagiza chai, ananiuliza habari zako na mama yako. Juzi nilimwambia unakwenda Dar es Salaam kusomea kompyuta, akafurahi, akasema nikupe salamu na kwamba yeye alijua tangu ile baiskeli kwamba una akili. Sasa nimezifikisha. Tunaongea mpaka chai inapoa. Ninakaa chini.

Lakini kila ninapoaga, kabla sijatoka, Massawe anageukia ubao wake wa ukutani anaoning'inizia vifaa, anaanza kuhesabu spana zake. Anahesabu kwa sauti, bila haraka, anagusa moja baada ya nyingine. Wateja wengine wanatoka na kuingia, hawahesabiwi spana. Akifika ya mwisho anasema, "Zimetimia. Karibu tena, Baba Aikande."

Ningeweza kuondoka kabla hajamaliza. Huwa nasimama mlangoni, namngoja.

Baba yako